Fundi Aliyeisikiliza Kutu

Sikuwahi kumpenda, na haya nayaandika nikiwa bado simpendi. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani namtungia mtu sifa. Wapo watu Mbagala watakaokuambia kwamba fundi yule ni dhahabu, na wengine humwita babu kwa mapenzi kabisa. Mimi nimemjua miaka kumi na moja, na kila nilipotoka kwake nilikuwa nimevimba kwa hasira, hadi nafika Keko sijamsemesha mtu.

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake haunihusu. Kazi yake ndiyo iliyonihusu, nayo ilikuwa moja tu. Hakugusa injini, hakugusa breki, hakunyoosha milango. Alishughulika na chesisi, yale machuma mawili marefu, yenye uwazi ndani, yanayopita uvunguni mwa gari toka mbele hadi nyuma, ambayo vitu vingine vyote vimekalia. Tena hasa chesisi za pikapu kuukuu, zilizobeba mchanga na samaki na mbao mpaka zimechoka. Alitafuta kutu. Akiipata anaikata, anaunga chuma kipya, anapaka rangi.

Mimi nina karakana ya makabati na vitanda Keko, na nina pikapu kuukuu. Dereva wake ni mdogo wangu Eliya, aliyenifuata ziwa. Wateja wangu wengi ni watu wanaojenga Madale, kwenye vile vilima, ambako kabati la milango sita hupanda taratibu gari likiwa limeinua pua. Kwa hiyo kutu kwangu halikuwa suala la gari. Lilikuwa suala la Eliya. Chuma kile kikikatika kilimani, aliyeshika usukani ni yeye, na wa kwenda kumweleza mama yetu ni mimi.

Tuanze na adabu yake, kwa sababu hapo ndipo chuki yangu ilipoanzia. Mtu akimwamkia shikamoo, yeye alikuwa keshainama kuchungulia, na marahaba ilitokea huko uvunguni, utadhani gari ndilo limejibu. Hakuuliza habari za nyumbani wala umetokea wapi. Swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Ilikuwa inabebaga nini kabla yako?"

Siku ya kwanza nilimjibu kwamba sijui, nimeinunua tu, mwenyewe aliniambia ni nzima.

"Hujui. Umeolewa, hujui mume katoka wapi." Akaingiza pua chini ya bodi, akanusa kama mtu anayenusa sufuria. "Hii ya Feri, sokoni. Imebeba samaki. Barafu imeyeyuka juu, maji ya chumvi yamechuruzika humu ndani miaka na miaka. Wamekupakia rangi ya lami, inang'aa, umefurahi. Mama, umenunua rangi."

Watu waliokuwa wakisubiri wakacheka. Mimi ni mtu wa bara, nimelelewa kwamba mkubwa hamfanyi mgeni kichekesho mbele ya wageni wenzake.

Halafu ikaja ile desturi yake. Yeye hakumwambia mtu kwamba gari lake lina kutu. Alimtaka mwenye gari aingie uvunguni akaione mwenyewe. Hakujali wewe ni nani. Nimemwona mtu mzima wa ofisini, suti na tai, amelazwa chali juu ya boksi lililokunjuliwa, viatu vyake vya ngozi vimechomoza nje kama vya marehemu. Nimemwona shehe akikunja kanzu. "Mie ukimwambia mtu anakubishia," alikuwa akisema. "Akiona mwenyewe, akabishane na macho yake."

Siku ile ya kwanza mimi nilikuwa nimetoka kanisani. Alikuwa anafunga banda Ijumaa tu, Jumapili anafanya kazi, nami nilipitia moja kwa moja na gauni langu la kitenge lililoshonwa wiki hiyo.

"Haya, kaone."

"Nikaone wapi?"

"Uvunguni. Gari lako au langu?"

"Baba, mimi mwanamke, na nguo hizi..."

"Kutu haijui gauni."

Nikaingia. Nilitanguliza kichwa, miguu ikabaki nje mbele ya wanaume saba, Eliya akiwa mmoja wao, anatazama pembeni kwa aibu. Fundi akaja kulala ubavuni kwangu na kinyundo chake, akagonga chuma kuanzia mbele. Kililia vizuri, ngee, ngee, ngee. Alipofika nyuma ya kebini kikasema pu. Akanishika kidole bila hata samahani, akakisukuma pale. Chuma kikabonyea kama ukoko wa wali, kidole kikazama hadi kwenye pete, na nilipokitoa kilikuja na matope ya kahawia yenye shombo la samaki. Nilitaka kulia. Sikulia kwa ajili ya gari. Nilikuwa nawaza kwamba Eliya alikuwa amepanda Madale mara nne wiki ile.

Hapo ndipo nilipojifunza lugha yake. Kutu kwake ilikuwa ya aina mbili, mgeni na mwenyeji. Mgeni ni ile ya juujuu, ya rangi ya machungwa, unaisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kinang'aa, unapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, unasubiri ikauke, unapaka nyeusi juu yake, basi. Mwenyeji ni ile iliyotokea ndani. "Huyu ana hati ya nyumba," alikuwa akisema. "Huyu humfukuzi kwa rangi. Unabomoa ukuta." Alisema hivyo kwa sauti ileile kwa tajiri na kwa maskini, na watu walilisifu hilo kama haki. Mimi naliita ukauzu. Unaweza kumwambia mtu gari lake limekufa bila kuonyesha kwamba umefurahi.

Nikafanya kosa moja, na alinisimanga kwa kosa hilo miaka yote. Alikuwa ameniunganishia lile tobo na kuniambia nilinde sehemu nyingine. Hakusema nilinde kwa kitu gani. Sote tunajua watu wanavyofanya mjini hapa: unachukua oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, unapaka uvunguni, kutu haishiki. Nami, kwa bidii yangu, sikupaka nje tu. Nilimwambia Eliya aimimine na ndani ya chesisi kupitia vile vitundu. Nilijiona mjanja. Nikasahau kwamba gari langu linalala ndani ya karakana, chini ya randa na misumeno, na Keko nzima inaelea kwenye unga wa mbao. Unga ukaingia kwenye oili, ukanywa, ukavimba, ukaziba vitundu vya kutolea maji. Mvua ziliponyesha, maji yakaingia yasitoke.

Mwaka uliofuata fundi alichokonoa kitundu kwa waya, likadondoka donge jeusi likatua kwenye paji lake la uso. Akalishika, akalinusa, akalitazama kwenye mwanga. Kisha akatoka uvunguni, jambo ambalo hakulifanyaga kabla ya kumaliza, akawaita watu.

"Njooni muone! Nyie mshawahi kuona? Kutu inakulaga yenyewe, huyu mama kaipikia ugali!"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Mama Ugali. Sijui kama alikuwa anajua jina langu la kweli. Kila nilipofika, kama kulikuwa na mteja mgeni, alimsimulia upya nikiwa nimesimama palepale: huyu ndiye aliyeipikia kutu. Alilisimulia vizuri, hilo namkubalia, na kila mwaka donge liliongezeka ukubwa. Eliya naye alicheka. Hilo liliniuma kuliko yote.

Basi nikahama. Nilimpata fundi mwingine jirani, kijana mstaarabu, aliyenipa kiti, akaniagizia soda, akaniita dada. Hakunilaza chini. Alisema kazi ni ndogo. Akajaza puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo, pale palipobonyea upya kando ya kiungo cha zamani, akapiga msasa, akapaka lami, chesisi ikang'aa kuliko siku niliyoinunua. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Gari lilivunjika Madale miezi mitatu baadaye, mchana kweupe, likiwa na kabati moja na vitanda viwili. Chuma kilikatika nyuma ya kebini, palepale penye puti. Bodi ya nyuma ikalala upande, gari likarudi nyuma lenyewe likaingia mtaroni. Kabati lilipasuka vipande. Eliya aliruka, akaangukia jiwe, goti likageuka. Hadi leo anatembea akilitupa pembeni, na siku za baridi hawezi kukanyaga klachi muda mrefu. Ana miaka thelathini na nne.

Nimejilaumu, ndiyo. Lakini nitasema jambo ambalo najua si la haki: nilimlaumu fundi wa Mbagala zaidi kuliko yule wa puti. Yule wa puti alikuwa hajui. Huyu alijua, na ulimi wake ndio ulionifukuza kwenye alichokijua. Kama angekuwa na ulimi wa binadamu, ningekuwa nimekwenda kwake mwaka ule, na goti la mdogo wangu lingekuwa zima. Sijawahi kumsamehe kwa hilo, na nimejaribu.

Nilirudi kwake gari likiwa limebebwa juu ya jingine. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimeshapanga na majibu, yote, neno kwa neno. Hakusema nilikwambia. Aliukwangua ule puti kwa bisibisi, taratibu, akaukusanya kwenye kopo, akaliweka mbali kama mtu anayeweka kando kitu kichafu. Kisha akaliacha gari juani siku nne ndani kukauke, kwa sababu alisema chuma chenye maji ukikichomelea unamfungia mwenyeji mlango na ufunguo yeye anao. Akakata hadi kwenye chuma kinachong'aa. Akaunga bamba nene, ndani na nje. Siku tisa nzima, wateja wangu wananipigia simu wanafoka, naye ukimwambia aharakishe anaweka nyundo chini na kwenda kunywa chai.

Lakini kwa siku zote tisa aliniuliza, "Lilikatikia wapi? Lilikuwa na mzigo gani? Lilirudi nyuma au lililala?" Hakuuliza hata mara moja kijana anaendeleaje. Alikuwa anamwona Eliya pale, na gongo, ameketi juu ya tairi. Akampita kama anavyopita debe.

Ndivyo alivyokuwa, hashikiki upande wowote. Alikuwa mkali juu ya kutu ya watu, na paa la banda lake mwenyewe lilikuwa limetoboka kwa kutu hivi kwamba mvua ikinyesha wateja wanaingia ndani ya magari. Alikataa kuyagusa magari ya watu waliompa sifa. Alikula muhogo wa kuchoma kwa mikono yenye grisi, halafu anakukataza kushika rangi yake nyekundu kabla hujanawa. Aliwahi kumfukuza dereva aliyemtania kuhusu sala, na siku hiyohiyo akamwacha msaidizi wake, Mkristo, aondoke mapema kwenda mazoezi ya kwaya. Sikuweza kumweka kwenye kapu moja, na mtu unayemchukia ungependa akae kwenye kapu moja.

Jambo lake kubwa lilikuwa ukimya. Akianza kugonga, hakuna kusema. Alizima redio za watu. Mlango wa tatu kuna vijana wanaotengeneza simu na kupiga muziki wa singeli tangu asubuhi, naye alikuwa akiwafuata na nyundo mkononi, "Nyie! Zimeni hiyo, nasikiliza!" Walizima. Barabara ya Kilwa haizimwi, kwa hiyo alingoja. Alilala uvunguni, nyundo kifuani, akingoja malori yapite, apate pengo la kugonga mara tatu. Nami nililala pembeni yake nikingoja, mwaka hadi mwaka, nikiwa na chuki yangu. Ndivyo nilivyojikuta, bila kutaka, nimejifunza kusikia.

Mwaka huu nilikwenda kabla ya masika kama kawaida. Singeli ilikuwa inarindima mlango wa tatu, na yeye alikuwa tayari uvunguni mwa gari la mtu, anagonga. Nilishangaa kidogo. Nikafikiri uzee umempunguzia ubishi, nikafurahi.

Zamu yangu ikafika. Eliya aliegesha, tukaingia uvunguni, mimi na yeye, kwenye boksi. Akagonga kuanzia mbele. Ngee, ngee. Nyuma ya kebini bamba lake lilikuwa zima. Akasogea, karibu na mkono wa springi ya nyuma, upande wa dereva. Akagonga.

Pu.

Akaendelea.

"Mgeni tu," alisema. "Piga brashi, paka rangi, nendeni."

"Fundi, rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo kwenye springi."

"Mama Ugali, leo unanifundisha kazi?"

"Rudia!" Nilipiga kelele, na singeli ikiwa ileile. Akarudia. Pu. Alikuwa hatazami chuma. Alikuwa ananitazama mimi, mdomoni.

"Wewe umesikia nini?" aliniuliza. Miaka kumi na moja, lilikuwa swali la kwanza kuniuliza linalonihusu mimi.

"Imenyamaza."

Alilaza nyundo kifuani. "Kwangu siku hizi zote zimenyamaza," akasema.

Nilidhani sijaelewa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya masika yaliyopita. Kulianza mvumo masikioni, baadaye hata mvumo ukaondoka.

Masika yaliyopita alikuwa amelipitisha gari langu. Alikuwa amegonga, akasema zima, na mimi siku hiyo nilikuwa nje naongea na simu ya mteja, sikuingia. Mwaka mzima Eliya alikuwa amepanda Madale na goti lake bovu juu ya neno la mtu asiyesikia.

"Kwa nini hukusema?" Nadhani nilimkamata shati.

"Nikisema wataenda kwa wale wa puti." Akaipapasa chesisi kwa kidole. "Natazama. Napapasa. Nyingi napatia."

"Na zile usizopatia?"

Akaigeuza nyundo kifuani, na naandika bila haya kwamba sikumhurumia. Nilitoka uvunguni na vumbi langu, nikasimama katikati ya uwanja, nikawatangazia waliokuwa kwenye foleni. Niliwaambia mzee hasikii. Niliwaambia ana zaidi ya mwaka anagonga chuma asichokisikia, na magari yao yote aliyoyapitisha yaangaliwe upya. Nilisema kwa sauti kubwa, na nilitaka iwaume.

Haikuwauma. Aliyekuwa mbele kwenye foleni alikuwa mtu mzima mwenye pikapu ya kijani, nyuma wameketi akina mama wa kwaya kwenye mabenchi, wanakwenda kwenye msiba Mkuranga. Alitoa kichwa dirishani.

"Dada, adabu. Huyu mzee kaanza kututengenezea magari wewe hujaijua Mbagala."

"Hasikii, nawaambia!"

"Ana gubu lake tangu zamani huyu mama," mwingine akasema. "Si ndiye Mama Ugali?"

Wakacheka. Yule wa pikapu ya kijani akasogeza gari mbele, akina mama wakashuka wakikung'uta kanga zao. Fundi alikuwa amesikia, au tuseme ameona. Angeweza kukaa kimya tu. Kimya kingemtetea, watu wote walikuwa upande wake. Alichukua boksi jingine, akalikunjua, akaliweka kando ya lake uvunguni mwa ile pikapu ya kijani. Kisha akasema mbele yao wote, kwa ile sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani:

"Mama wa Keko, njoo unisikilizie."

Kicheko kikaisha. Mwenye gari alimtazama yeye, akanitazama mimi. Eliya alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ananitazama pia. Nilipotaka kuondoka niliwaona wale akina mama, wengine wazee kabisa, wameshikilia vitabu vyao vya nyimbo. Niliwapigia kelele vijana wa simu wazime, wakazima. Nikalala.

Akagonga mbele. "Hapa?"

"Pazima."

"Hapa?"

"Pazima."

Akasogea nyuma ya kebini, akagonga mara tatu, akageuza uso kunitazama mdomo, macho yamemtoka, kama mgonjwa anayemtazama daktari. Nilikuwa nimeshasikia. Nilisikia pu kwa pigo la kwanza. Lakini sikusema upesi. Nilifumba mdomo nikamwacha angoje, ajue jinsi inavyokuwa mtu kulala chini akingoja neno la mwingine. Nilimwacha hadi jasho likamtoka juu ya mdomo.

Halafu nikamwambia, "Kata."